Wimbo Ulionaswa Katika Chumba cha Vitambaa

Tulimzika Musonda huko Kipushi, katika mwezi wa baridi na vumbi, wakati upepo unapochota mchanga kwenye marundo ya mgodi na kuumwaga juu ya mabati ya nyumba. Mwanangu alinifikisha matangani asubuhi, na wanawake wa nyumba ile wakanipa kiti chini ya turubai kwa heshima ya umri wangu tu, maana hakuna aliyenijua. Sikulia. Nilikaa nikiangalia sufuria za sombe, majani ya muhogo, zikichemka uani, nikimfikiria mtu aliyependa nywele zake kuliko chakula, ambaye kwenye picha waliyoiweka mezani alikuwa na upara safi kama bakuli. Ndipo mjukuu wake mmoja akafungua simu na wimbo ukatoka, pamoja na mikwaruzo yote ya santuri ya zamani. Gita lilianza, ikafuata sauti kavu, tak-tak-tak, kama mtu anayetembea haraka juu ya mbao, kisha mwanamke akaimba.

“Hii njo wimbo ya nkambo,” kijana aliwaambia wenzake, akimtaja babu yake. “Balikuwa banaiimba mupaka Kambove.”

“Na ule mwanamuke mwenye kuimba ni nani?” msichana mmoja akauliza.

“Sijue. Ku diski iko jina ya nkambo tu.”

Mzee mmoja upande wa pili wa turubai aliinua kichwa akanitazama. Alikuwa amekonda, amevaa koti la kijivu lililomzidi mabega, na nilimtambua kwa mikono yake, kwa jinsi alivyoilaza magotini kama mtu anayeogopa kuisahau mahali. Alikuwa Ilunga, mpiga gita wetu. Hatukuwa tumeonana tangu ujana. Alivuta kiti chake hadi karibu na changu, akasikiliza mpaka wimbo ukaisha.

“Zaina,” akasema, “bado unakanyagaka mashini ya kushona?”

“Magoti ilikatala. Na wewe, gita?”

“Bidole ilikatala.”

Tukacheka kidogo, kile kicheko cha matangani ambacho mtu hukimeza kabla hakijafika mbali. Tulikaa hivyo hadi jioni, tukizungumza, na niliporudi nyumbani Lubumbashi mwaka wote wa wimbo ule ulikuwa umeshanirudia, na harufu yake juu.

Ulikuwa mwaka ambao nchi ilikuwa bado inazoea jina lake jipya. Watu waliacha majina ya ubatizo wakafufua ya mababu, na mtu uliyemzoea kwa jina moja angekuja dukani akakusahihisha kwa aibu, kama aliyevaa kiatu kisichomtosha bado. Wanaume walivua tai. Kwa fundi Amisi, aliyenipokea kama binti yake, nikaishi kwake na kushona kwake, hilo lilikuwa neema, kwa sababu kila karani wa mji alitaka lile koti jipya lisilo na tai, abakosti, na alilitaka kabla ya mkubwa wake kumwona na koti la zamani. Baba Amisi, mtu wa Maniema, mwenye kofia nyeupe na sindano zilizochomekwa kifuani, aliyapima mabega ya watu hao bila kusema neno. “Mimi jina yangu baliniachia,” alituambia siku moja akikata kitambaa. “Basi niko na deni ya kushona tu.”

Duka lilikuwa Kamalondo, kwenye njia ya kutoka msikitini kuelekea sokoni. Nyuma ya duka kulikuwa na chumba kirefu, chenye giza la kupendeza hata mchana, ambamo vitambaa vilipangwa kutoka sakafuni hadi darini. Nikifumba macho leo ninaingia tena humo. Ninasikia harufu ya wanga wa kitambaa kipya, ya pasi ya makaa, ya mafuta ya cherehani. Cherehani yangu ilikuwa karibu na mlango wa uani, kwa ajili ya mwanga, na kutoka pale niliweza kuona mlango wa duka pia, na njia, na watu wakipita. Mchana Mama Sikujua, mke wa Baba Amisi, alileta sinia la bukari, ugali wetu, na samaki wa chumvi na mboga za lengalenga, na yeyote aliyekuwepo alinawa mikono akala. Ndiyo kazi niliyoifanya mwaka ule: kushona, kula, na kusikiliza. Wanawake waliokuja kupima nguo walizungumza mbele yangu kana kwamba cherehani ilinifanya kiziwi.

Wanamuziki walikuja Jumapili, duka likiwa limefungwa kwa wateja. Walikuwa wengi walioingia na kutoka, leo mpiga besi huyu, kesho mpiga ngoma yule, lakini waliobaki ni wawili. Musonda alikuwa mwimbaji, kijana wa Kipushi, na kwa kuwa Kipushi iko mpakani kabisa, alizipata santuri za Kizungu kutoka kwa wafanyabiashara waliovuka kuja kutoka Zambia. Alipaka nywele mafuta mpaka zikang'aa. Alivaa suruali za kubana ambazo Baba Amisi alimshonea akinung'unika kwamba mtu akipiga chafya ndani yake ataaibika. Aliimba rock kwa Kiingereza asichokijua. Aliyajua maneno yale kwa ulimi tu, kama mtoto anavyojua sala, na aliyaimba kwa imani hivyo hivyo. Ilunga alikuwa mtu mwingine kabisa. Siku za kazi alikuwa karakana ya kampuni ya shaba akifunga upya nyaya za mota zilizoungua, na kikuza sauti cha gita lake alikiunda mwenyewe kutoka kwenye redio iliyokufa. Alisema machache. Kila asubuhi alipita mbele ya duka letu na baiskeli yake, na hakugeuza kichwa, kwa sababu alikuwa anapiga gita ndani ya kichwa hicho. Nilikuwa nimemwona akipita kwa miezi mingi kabla hajaleta gita lenyewe.

Watu wameniuliza kwa nini Baba Amisi, Mwislamu mwenye kuswali swala zake zote, aliwakubalia vijana wale kupigia muziki dukani kwake. Aliyeleta jambo hilo alikuwa Musonda, siku ya kuchukua suruali yake. Majirani wa kila mahali walikuwa wamewafukuza. Baba Amisi aliwatazama, akatazama marobota yake. “Bilamba inakula makelele,” akasema. “Mukipiga umu, inje hawatasikia mingi.” Sidhani kama ulikuwa ukarimu mkubwa. Nafikiri alikuwa na hamu ya kujua kama ni kweli. Ilikuwa kweli. Vitambaa vilikula mwangwi wote, na gita la Ilunga, ambalo kwingine lilipiga kelele kama bati, mle ndani lilitoka laini na la karibu, kama linakusemesha wewe peke yako.

Mgiriki mmoja aliyeuza redio na santuri mjini, tuliyemwita Bwana Stavro, alisikia habari zao akaja Jumapili moja na mwavuli wake. Alikaa juu ya robota la kaki, akapiga mguu chini taratibu. Alikuwa na mashine ya kunasa sauti, na alijua pa kupeleka kanda ili igeuzwe santuri. Alipenda gita. Alipenda nywele za Musonda. Kisha akasema kwa Kiswahili chake kizuri, maana alizaliwa hapa hapa, “Lakini Kiingereza, hapana. Saa hii redio hawatapitisha. Banataka bintu bya kwetu. Mutafute maneno ya Kiswahili, nitarudi.”

Musonda alihuzunika kama mtu aliyenyang'anywa. “Rock haiwezi kuingia mu Kiswahili,” alisema alipokwisha kuondoka Mgiriki. “Kizungu, neno inakatika, pa! Kiswahili inavutika, inavutika, haina mwisho.” Walijaribu. Jumapili baada ya Jumapili Musonda aliimba juu ya mapenzi na nyota na moyo kuungua, na kila neno lilimteleza mdomoni, kwa sababu aliendelea kuukunja ulimi kama Mzungu. Mimi nilikuwa na makoti ya kumaliza, nikashona wao wakiwa wanapiga. Na mguu wangu, bila mimi kuutuma, ukaanza kukanyaga pedali ya cherehani kwa mwendo wa gita.

Maneno yalinijia kwa njia hiyo. Siwezi kusema nilitunga. Nilikuwa natazama ile njia nje ya mlango, na mguu unakwenda, na mdomo ukafuata:

*Unapita, unapita,*
*ata yambo haunipe.*
*Mulango yangu iko wazi,*
*unapita kama upepo.*

Gita lilinyamaza. Nilipoinua macho, wote walikuwa wananitazama. Niliona aibu, nikajifanya natafuta uzi.

“Rudilia,” Ilunga akasema. Nafikiri ndilo neno la kwanza alilowahi kunielekezea.

Nikarudia. Safari ile alinifuata na gita, na maneno yale marefu ya Kiswahili, ambayo hayakatiki, yakakaa juu ya mwendo mfupi wa rock kama kitambaa kinachokaa juu ya mwili. Musonda alinisikiliza, na nitamshukuru kwa hilo hadi mwisho wangu, kwa sababu alikuwa na kiburi na bado alikuwa wa kwanza kusema. “Beti nitaimba mimi,” alisema. “Kiitikio ni ya uyu. Mimi nikiiimba, inakufa.”

Hapo ndipo shida ilipoanza. Mama Sikujua alisikia, akaja na sinia mkononi, akaliweka chini kwanza, kwa utulivu ulionitisha. “Sauti ya mutoto mwanamuke itoke ku redio,” alimwambia mumewe, “ku musikiti batasema nini? Na nani atakuya kumuposa?”

Baba Amisi alikuwa anatoboa vishimo vya vifungo. “Sauti anaitoa kila siku umu ndani. Bateja banaisikia.”

“Bateja haiko dunia yote.”

Alishona kishimo kizima kabla ya kujibu. Mimi nilikuwa nimesimama kati ya marobota, na nilijua kwamba jibu litakalotoka ndilo nitakaloishi nalo, kwa sababu sikuwa mtu wa kubishana naye. Mwishowe akasema nitaimba, lakini humu humu, mlango wa uani ukiwa wazi, Mama Sikujua amekaa nami, na jina langu lisiandikwe popote. Nilikubali mara moja. Nilikuwa na miaka ya kukubali. Nilitaka kusikia sauti yangu ikitoka mahali ambapo mimi sipo, na jina niliona ni kitu kidogo. Sasa mjukuu wa Musonda anasema “sijue”, na ninagundua kwamba hainiumi kama nilivyodhani ingeniuma. Inanishangaza tu, kama kuona nguo niliyoishona ikipita njiani mwilini mwa mtu nisiyemjua.

Siku ya kunasa, Stavro alitandika waya zake sakafuni mapema, na wanaume wakatundika vitambaa mpaka juu ya mlango wa duka, wakauacha wa uani tu. Tulikuwa kama tumo ndani ya mto wa kulalia. Mara ya kwanza king'ora cha kampuni kililia katikati ya wimbo. Mara ya pili treni ya shaba ilipita, ndefu, mabehewa hayaishi. Mara ya tatu nilikuwa mimi. Walikuwa wamenisimamisha mbele ya kipaza sauti, mikono mitupu, na bila pedali chini ya mguu sikuweza kushika mwendo. Nilikimbia mbele ya gita, nikangoja, nikakimbia tena. Stavro alijifuta jasho. Mpiga ngoma wa siku hiyo akatazama dari.

Mama Sikujua alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, tasbihi mkononi, uso umegeukia uani ili ajulikane hayumo. “Mumurudishe ku mashini yake,” alisema bila kugeuka. “Na wewe Zaina, imba kama unaita muntu. Hauko unafukuza kuku.”

Walinirudisha kwenye cherehani. Stavro alikileta kipaza sauti karibu, akasema ile sauti ya pedali itasikika, kisha akasikiliza, akasema iachwe. Ndiyo ile tak-tak-tak ambayo vijana wa matanga yale walidhani ni ngoma ya mashine ya siku hizi. Nikaimba kama ninaita mtu. Nilipofika kwenye *mulango yangu iko wazi*, nilikuwa natazama mahali nilipozoea kutazama, ule mlango wa duka ambao siku hiyo ulikuwa umefunikwa kitambaa, na mbele ya kitambaa hicho alikuwa amekaa Ilunga na gita lake. Aliinua macho. Kidole chake kikakosa waya. Kosa hilo limo kwenye santuri, ukisikiliza vizuri, noti moja iliyojikwaa kisha ikasimama. Stavro alitaka turudie, lakini Musonda alikataa. Alisema hata akilipwa hatarudia, kwa kuwa jambo lile limeshapita na halitapita tena.

Asubuhi iliyofuata baiskeli ilisimama mbele ya duka. “Yambo, Zaina,” Ilunga alisema, akapanda tena akaenda kazini. Nilishona mkono wa kulia wa koti kwenye bega la kushoto.

Santuri zilirudi majira ya jakaranda, wakati njia za mjini zinapokuwa zambarau chini na juu. Kwa kitambo hakuna kilichotokea. Halafu siku moja Mama Sikujua alirudi sokoni akakaa kitako bila kuvua kitenge cha kichwani, akasema wauza ndakala, wale dagaa wakavu, wanauimba. Baada ya hapo wimbo ulikuwa kila mahali. Ulitoka kwenye baa za Kamalondo, kwenye madirisha ya kambi ya wafanyakazi, hata kule Annexe, pembezoni mwa mji, ambako mama yake Ilunga alikuwa na shamba lake la mahindi, wanawake walipalilia wakiuimba. Wateja waliokuja kupima nguo waliuimba mbele yangu, na mmoja akasema yule mwanamke lazima ni mtu wa kule Kinshasa, mwenye majumba. Mama Sikujua aliinamia sinia lake. Niliona mabega yake yakitikisika kwa kicheko.

Musonda aliitwa Kinshasa, akaondoka na suruali mbili mpya. Ilunga hakuitwa, au aliitwa akakataa, sikuwahi kupata ukweli wake. Yeye alikuja kwetu na mjomba wake, amevaa shati jeupe, na nilijua maana yake. Nilisikiliza nyuma ya vitambaa, ambavyo safari hii vilinilia maneno mengi, lakini haya yalinifikia.

“Weye ni muntu muzuri,” Baba Amisi alisema. “Nimekuona mwaka muzima. Lakini huyu mutoto ataenda kusali wapi? Na batoto? Ukisema utaingia mu dini yetu, nitafungua mulango saa hii.”

Mjomba alikohoa. Kisha Ilunga akajibu, polepole, kama anayekaza waya. “Baba, ningeweza kusema ndiyo ju ya kumupata. Lakini haiko mu roho yangu. Sitaki kudanganya Mungu yako mu nyumba yako.”

Nilimpenda zaidi kwa jibu lile kuliko kwa gita lote, na jibu lile ndilo lililonikosesha kuwa naye. Baba Amisi alimshukuru. Waliagana kwa adabu, na Mama Sikujua akawapa wageni chakula, wakala.

Kampuni ikampeleka Ilunga kwenye karakana ya Kambove. Siku ya kuondoka alikuja dukani asubuhi, baiskeli ikiwa imefungwa mzigo, akasimama mlangoni bila kuingia. Baba Amisi alikuwa msikitini. Ilunga aliniuliza kama ningemfuata, akisema lori linaondoka mchana. Hakunisihi. Nilitazama uani, ambako Mama Sikujua alikuwa anachambua mchele, na alikuwa amesikia, na hakuinua kichwa, akaniachia. Kama angenikemea, pengine ningekwenda. Nikamwambia Ilunga hapana. Nilisema, “Humu balinifungulia. Siwezi kutoka kama mwizi.” Akaitika kwa kichwa. Tulipeana mkono kama watu waliomaliza kazi.

Niliolewa baadaye na mtu mwema, mfanyabiashara wa vitenge, nikazaa, nikazeeka, nikamzika. Wala sijui, hata leo, kama ningekuwa na furaha zaidi Kambove. Matangani nilimwuliza Ilunga kama aliendelea kuusikia wimbo kule. “Kila siku,” alisema. “Muke yangu aliupenda sana. Nilimwambia ni wa Musonda.” Akavitazama vidole vyake. “Ile noti yenye kuanguka, aliona njo tamu kupita zote.”

Lakini nataka kumaliza na mchana ule wa lori, kwa sababu ndipo mwaka wangu ulipoishia. Sikuweza kukaa chumbani. Nilimwambia Mama Sikujua ninapeleka koti la mteja kambini, na ilikuwa kweli, nikatembea na koti mkononi kwenye jua, nikiwa sioni njia. Kambini, penye bomba la maji, wanawake walikuwa wamepanga ndoo zao kwenye mstari wakingoja maji yatoke, na walikuwa wanaimba ili muda uende. Nilisimama. Ulikuwa wimbo wangu, lakini hawakuimba nilichokiimba. Upepo walikuwa wameutoa. Kiitikio walikigeuza:

*Unapita, unapita,*
*kuya tukule bukari.*
*Mulango yangu iko wazi,*
*kama haukuye, tutamaliza.*

Waliimba na kucheka, wakipiga ndoo kwa viganja. Mmoja wao, mama mwenye mtoto mgongoni, aliniona nimesimama na koti la watu, machozi yananitoka, labda akafikiri ni jua. Akasogea kunipa nafasi kwenye ukingo wa sementi.

“Ikala, dada,” akasema. “Hii wimbo hauijue?”

Nikakaa. Nikamwambia bado.

“Bon,” akasema, “tutakufundisha.” Na akaanza upya, polepole, neno kwa neno, nami nikamfuata.